Kiraka hakijafika, au kimefika kimechanika: kutatua matatizo ya kutuma msimbo kwa barua pepe

Kerneli ya Linux, Git yenyewe (chombo cha kutunza historia ya msimbo), QEMU na U-Boot ni miongoni mwa miradi ambayo hadi leo inapokea msimbo kwa barua pepe. Unaandaa kiraka (patch), yaani faili la maandishi linaloonyesha mistari ya msimbo uliyoongeza na uliyoondoa, unakituma kwenye orodha ya barua ya mradi, na wakaguzi wanakijibu mstari kwa mstari. Kwa mtu anayetegemea bando la simu kule Njiro, Arusha, au Pasua, Moshi, utaratibu huu una neema yake: kiraka cha kawaida ni kilobaiti chache tu, kinaandaliwa bila mtandao na kutumwa mtandao ukirudi. Ubaya wake ni kwamba ukikosea, mara nyingi huambiwi. Barua inapotelea njiani, au unapata jibu la maneno matano linalokuacha ukikuna kichwa.

Kabla ya kutafuta ugonjwa, fanya kipimo kimoja: jitumie kiraka mwenyewe, kisha ukipachike kama atakavyokipachika msimamizi, yule anayepokea viraka vya mradi.

```
git format-patch -1 -o /tmp/kiraka
git send-email --to=anwani-yako-ya-pili@example.org \
    --suppress-cc=all /tmp/kiraka/*.patch
```

Usisahau `--suppress-cc=all`. Bila hiyo, git send-email husoma mistari ya `Cc:` na `Signed-off-by:` ndani ya kiraka na kuwatumia nakala wote waliotajwa, na jaribio lako linawafikia watu usiowajua. Barua ikifika, ipakue ikiwa ghafi. Kwenye Gmail fungua menyu ya barua, chagua kuonyesha asili, halafu upakue faili. Usinakili maandishi kutoka kwenye skrini. Kisha ukipachike kwenye tawi jipya kwa git am, amri inayopachika kiraka kutoka kwenye barua:

```
git switch -c jaribio origin/master
git am ~/Downloads/barua.eml
```

Kama barua haikutoka, tatizo lako ni seva au nywila. Kama imetoka na git am imekataa, kuna kitu kiliichezea njiani. Kama git am imekubali na bado mradi haukujibu, ugonjwa uko kwenye adabu au kwenye msingi wa tawi lako, yaani toleo la msimbo uliloanzia. Ruka hadi sehemu inayokuhusu.

Barua haitoki

*"git: 'send-email' is not a git command."* Kwenye Ubuntu na Debian amri hii iko kwenye kifurushi chake. `sudo apt install git-email` inamaliza jambo. Kwenye Fedora ni `sudo dnf install git-email`. Git ya Windows huja nayo tayari.

*Seva inajibu 535 au 534.* 535 maana yake jina au nywila imekataliwa. 534 ya Gmail inakwambia wazi kuwa inataka nywila ya programu. Tangu Mei 30, 2022, Google haikubali tena nywila ya kawaida ya akaunti binafsi kwa programu za aina hii. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha utengeneze nywila ya programu: ni herufi 16, zinaonyeshwa kwa makundi ya nne nne. Mpangilio wa chini kabisa, kwenye faili la `.gitconfig`, ni huu:

```
[sendemail]
    smtpServer = smtp.gmail.com
    smtpServerPort = 587
    smtpEncryption = tls
    smtpUser = wewe@gmail.com
    confirm = always
```

Nywila usiiandike humo. Siku moja utaweka `.gitconfig` yako hadharani pamoja na mipangilio mingine ya kompyuta, na nywila itakwenda nayo. Ukiiacha, amri itakuuliza wakati wa kutuma.

*Amri inaning'inia bila kusema kitu.* Angalia jozi ya poti na usimbaji. Poti 587 inakwenda na `tls`, poti 465 inakwenda na `ssl`. Ukiweka `tls` kwenye 465, seva inasubiri wewe uanze mazungumzo ya siri na wewe unasubiri seva ikusalimie kwanza, basi kila mmoja anamtazama mwenzake. Ukigeuza, yaani `ssl` kwenye 587, utapata kosa linalolalamikia toleo la SSL. Na kama umeweka poti 25, iache. Mitandao mingi ya majumbani na ya simu huiziba kwa sababu ya barua taka. Kupima kama njia iko wazi:

```
openssl s_client -starttls smtp -connect smtp.gmail.com:587
```

Vyeti vikitiririka kwenye skrini, njia iko wazi na kosa liko kwenye mipangilio yako. Kimya kikiendelea, badilisha mtandao: toka kwenye Wi-Fi ya ofisi au chuo, jaribu kwa hotspot ya simu. Ukitaka kuyaona mazungumzo yote na seva, ongeza `--smtp-debug=1`.

*"certificate verify failed", na jana ilifanya kazi.* Tazama saa ya kompyuta kabla ya kitu kingine. Kompyuta ya mezani ambayo betri ya ubao mama, ile ya duara ya CR2032, imekufa, hurudi miaka kadhaa nyuma kila umeme ukikatika. Cheti cha seva kinaonekana hakijaanza kutumika, na git inakikataa kwa haki. `timedatectl` itakuonyesha, saa za eneo ziwe Africa/Dar_es_Salaam, +0300. Hata kama cheti kingepita, kiraka chenye tarehe ya miaka iliyopita kingezama chini kabisa ya sanduku la msimamizi.

Imetoka, lakini haionekani kwenye orodha

Umetuma kwa Gmail, umejiweka kwenye orodha, na nakala ya orodha haiji. Mara nyingi hakuna kosa lolote. Gmail ikiona barua inayorudi ina kitambulisho kilekile cha ile uliyoituma, haikuletei mara ya pili. Usitume tena kwa sababu hiyo tu. Nenda kwenye kumbukumbu za orodha. Kwa kerneli ni lore.kernel.org. Huko ndiko ukweli ulipo.

Kama hata kwenye kumbukumbu haipo, shuku HTML. Orodha za kerneli hukataa barua yoyote yenye HTML, na programu ya Gmail ya Android hutuma HTML hata ukiandika sentensi moja isiyo na pambo. Hili huwakuta hasa wanaojibu wakiwa njiani: kiraka chenyewe kilikwenda vizuri kutoka kwenye laptopu, mkaguzi akauliza swali, jibu likaandikwa kwa simu ndani ya Hiace ya Moshi, na halikumfikia mtu yeyote wa orodha. Yeye anaona umemnyamazia. Majibu ya orodha yasubiri laptopu, na hapo uchague maandishi matupu.

Jambo jingine ni anwani. Komiti yako (badiliko ulilohifadhi kwenye Git) ina anwani ya chuo, lakini unatuma kupitia Gmail. Gmail hubadilisha mstari wa `From:` kuwa akaunti uliyoingia nayo, isipokuwa kama umeisajili ile nyingine kama anwani yako ya ziada. git send-email ina dawa: ukiiambia mapema kuwa mtumaji ni tofauti na mwandishi, kwa `sendemail.from`, huandika mstari wa `From:` wa mwandishi ndani ya mwili wa barua, na git am huuheshimu. Usipoiambia, kazi yako inaingia kwenye historia kwa anwani usiyoitaka.

Baadhi ya seva za ofisi na vyuo hubandika chini ya kila barua maneno ya kisheria kwamba ujumbe ni wa siri na asiyehusika aufute. Msimamizi wa mradi wa wazi hawezi kupokea msimbo ulioambiwa ni siri, na wengi hukataa bila kusoma. Kama huwezi kuyaondoa maneno hayo, tumia akaunti nyingine.

Imefika imechanika

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, kwa hiyo tuangalie kwa karibu. Kiraka ni maandishi ambayo kila nafasi ina maana. Herufi ya kwanza ya kila mstari inasema kama mstari umeongezwa, umeondolewa au ni wa muktadha. Baada yake kinafuata kijongezi cha msimbo, ambacho kwenye kerneli ni tabo halisi. Programu ya barua inayojifanya msaidizi, ikageuza tabo kuwa nafasi nane au ikakata mstari mrefu katikati, huua kiraka huku kikionekana kizima kabisa kwa macho. Macho hayasaidii hapa. Tumia:

```
cat -A barua.eml | less
```

Kila tabo itaonekana kama `^I`, na mwisho wa kila mstari kama `$`. Mstari mzima uko hivi:

```
-^Iif (ret < 0)$
+^Iif (ret <= 0)$
```

Ukiona nafasi tupu mahali pa `^I`, tabo zimegeuzwa. Ukiona `M-BM-` kabla ya nafasi, hizo ni nafasi zisizokatika za HTML zilizojipenyeza. Ukiona `^M$`, mistari ina mwisho wa Windows. Ukiona mstari umeishia katikati ya sentensi ya msimbo na kipande kilichobaki kinaanza bila `+`, `-` wala nafasi, umekatwa. Gmail ya kwenye kivinjari hufanya makosa mawili kati ya haya, kugeuza tabo na kukata kwenye herufi ya 78 hivi, na hakuna mpangilio wa kuizuia. Kwa hiyo usibandike kiraka humo, hata kiwe cha mstari mmoja.

Lakini usiogope `=3D` na `=20` ukiziona kwenye barua ghafi. Huo ni usimbaji wa kawaida wa barua, na git am huufungua yenyewe. Ni mojawapo ya sababu za kupima kwa git am badala ya kwa jicho.

*"corrupt patch at line ..."* Kama barua haikukatwa, basi kuna mtu aliyehariri kiraka kwa mkono, na mara nyingi ni wewe. Kichwa cha kila kipande kina hesabu:

```
@@ -120,7 +120,7 @@
```

Maana yake: kipande hiki kina mistari saba upande wa zamani na saba upande mpya, kuanzia mstari wa 120. Mitatu ya muktadha juu, mmoja uliobadilika, mitatu chini. Ukifungua faili na kuongeza mstari mmoja wa `+` bila kugusa hesabu, git inahesabu saba, inakuta wa nane, na inakata tamaa. Usihariri tofauti zenyewe. Rudi kwenye msimbo, `git commit --amend`, kisha `git format-patch` upya. Maelezo yaliyo juu ya mistari ya msimbo, au yaliyo chini ya `---`, unaweza kuyahariri bila madhara.

*"Patch format detection failed."* Faili uliyompa git am haina vichwa vya barua. Kwa kawaida mtu amenakili kutoka skrini, au amehifadhi ukurasa wa wavuti badala ya barua.

*Kiraka cha mstari mmoja kinaonyesha faili zima limebadilika.* Kihariri chako cha Windows kimebadilisha miisho ya mistari yote. Thibitisha kwa `git diff --ignore-space-at-eol`: kama tofauti inarudi kuwa mstari mmoja, ndilo hilo. Weka `core.autocrlf` iwe `input`, rudisha faili, fanya badiliko upya.

*"The following files are 8bit, but do not declare a Content-Transfer-Encoding."* Kwa Kiswahili ungedhani halituhusu, kwa kuwa alfabeti yetu haina nukta wala vikofia. Linatuhusu kupitia ng'. Ukitafsiri programu kwenye simu au kwenye Word, alama ya ritifaa hugeuzwa kuwa ile iliyopinda, ambayo si ASCII, na faili lako la tafsiri, `sw.po`, linakuwa na baiti ngeni kwenye kila "ng’oa" na "ng’ambo". Ukiulizwa usimbaji, jibu UTF-8, ndilo chaguo la kawaida. Ila ni vyema zaidi kurudisha ritifaa iliyonyooka faili zima, ili mtafsiri ajaye asikute aina mbili. Na kama jina lako lina ng', usilizungushie alama moja ya nukuu kwenye terminali: ritifaa ya jina itaifunga nukuu, ile ya mwisho itafungua nyingine, na terminali itakutolea `>` ikisubiri umalize. Tumia nukuu mbili: `git config --global user.name "..."`.

Tahadhari moja kuhusu viambatisho. Kerneli na Git wanataka kiraka ndani ya mwili wa barua. PostgreSQL, kinyume chake, wamezoea kiraka kilichoambatishwa. Soma mwongozo wa mradi husika kabla ya kudhani kuwa adabu ni moja kila mahali.

Kwako kinapachika, kwa msimamizi kinakataa

Akijibu "does not apply", kwa kawaida ametumia msingi tofauti na wako. Tawi lako ni la wiki tatu zilizopita, au umeanzia kwenye hazina (repository) isiyo sahihi. Andika msingi ndani ya kiraka:

```
git format-patch --base=origin/master -3 --cover-letter -o viraka/
```

Mstari wa `base-commit:` utaonekana chini, na yeye ataweza kurudi hapo hapo. `--base=auto` hufanya vivyo hivyo, ila hugoma kama tawi lako halifuati tawi lolote la mbali. Kwenye kerneli, kila sehemu ina hazina yake; ya mitandao ina mbili, moja ya marekebisho na moja ya mambo mapya, na inataka useme unalenga ipi: `--subject-prefix='PATCH net'` au `'PATCH net-next'`.

Tatizo la bando linaingia hapa. Historia nzima ya kerneli ni gigabaiti kadhaa, na `git clone` ikikatika katikati haiendelei ilipoishia, inaanza sifuri. Wengi hukwepa kwa `--depth=1`, inayoleta toleo la mwisho tu bila historia. Kwa kuandaa kiraka inatosha. Kwa mstari wa `Fixes:`, unaotaja komiti iliyoleta hitilafu, haitoshi, na kosa lake ni la kificho: `git blame`, amri inayoonyesha kila mstari uliletwa na komiti ipi, kwenye hazina iliyokatwa humsingizia komiti ya mpakani kila mstari wa zamani, nawe unaandika kwa ujasiri kwamba hitilafu ililetwa na komiti isiyohusika. Ukiona kialama cha `^` mbele ya namba ya komiti kwenye blame, usiiamini. Njia ya kuokoa bando ni kumtafuta mwenye historia kamili, afanye `git bundle create linux.bundle --all` kwenye flashi (iwe imefomatiwa exFAT, maana FAT32 haibebi faili la kufikia GB 4), kisha ufanye `git clone` kutoka kwenye faili hilo na kuelekeza anwani kwa `git remote set-url origin`. Toka hapo unavuta mapya tu. Flashi moja kwenye basi la Arusha na Moshi inabeba kuliko bando lako la mwezi.

Kiko sawa, lakini kimya au kimekataliwa

*Hakuna Signed-off-by.* Kwenye kerneli hakipokelewi bila huo mstari, hata kiwe cha kurekebisha herufi moja. Ni tamko kwamba una haki ya kutoa msimbo huo, utaratibu ulioanza mwaka 2004. `git commit -s` huuweka. Kwa komiti tatu za mwisho, `git rebase --signoff HEAD~3`.

*Umewatumia watu wasiohusika.* Tumia `./scripts/get_maintainer.pl` juu ya faili la kiraka kuwajua wahusika, halafu `./scripts/checkpatch.pl` kukagua mtindo wake. Kuitumia orodha kuu peke yake ni kama kutangaza kwa kipaza sauti katikati ya Soko la Kilombero: kila mtu amesikia, hakuna aliyehisi ameitwa.

*Toleo la pili limechanganyika na la kwanza.* Hutokea ukituma `*.patch` kutoka folda moja yenye mafaili ya zamani. Kila toleo liwe na folda yake, na `-v2` kwenye format-patch. Eleza kilichobadilika chini ya mstari wa `---`, kwa sababu hapo wakaguzi wanasoma na git am inatupa. Waliokupa `Reviewed-by`, yaani wakaguzi walioridhika, waingize kwenye toleo jipya. Amri ya `b4 trailers -u`, ya chombo cha b4, huwakusanya kutoka lore. Ila kama umebadilisha kiraka kwa kiasi kikubwa, yaondoe majina yao na useme umeyaondoa. Kuhusu kuunganisha toleo la pili na uzi wa kwanza kwa `--in-reply-to`, Git wanapenda, kerneli kwa mfululizo wa viraka vingi hawapendi. Wao wanataka kiungo tu cha toleo lililopita kwenye barua ya utangulizi.

*Umejibu, na wamekasirika.* Pengine uliandika jibu juu ya barua yao yote. Jibu chini ya kila hoja, ukikata yasiyohusika. Hoja usiyokubaliana nayo ijibu pia, kwa sababu. Ukiiruka na kutuma v2, inaonekana umepuuza.

*Amekujibu kwa ukali, au hivyo ndivyo inavyosomeka.* Kwetu barua bila salamu ni kama kuingia kwa mtu bila kupiga hodi, na mtu akikuandikia "No. Why not use the existing helper?" bila hata habari za kazi, unahisi umetukanwa. Kwenye orodha hizi hiyo ndiyo lugha ya kazi. Wala wewe hutakiwi kufungua na aya ya salamu na shukrani. Jina lake na mkato vinatosha, na shukrani ya neno moja mwishoni haikatazwi. Jibu swali: je, ulijua kazi hiyo tayari ina msaidizi ndani ya msimbo? Kama hukujua, sema hukujua na utume v2.

*Wiki imepita.* Subiri angalau wiki nzima kabla ya kukumbusha, na zaidi wakati dirisha la kuunganisha la kerneli, kipindi ambacho mambo mapya huingizwa kwenye kerneli kuu, liko wazi. Hudumu wiki mbili hivi, na netdev, orodha ya sehemu ya mitandao, hawapokei mambo mapya katika kipindi hicho. Ukumbusho ni jibu fupi juu ya kiraka chako mwenyewe. Netdev pia hawataki toleo jipya kabla ya saa 24 kupita, na mfululizo usizidi viraka 15. Kumbuka na saa: saa tatu asubuhi ya California ni saa moja au saa mbili usiku Arusha, kutegemea msimu wao. Kiraka ulichotuma asubuhi kikiwa hakijajibiwa jioni, huenda mwenye kukijibu ndiyo kwanza anaamka.